Marekani: Wanafunzi wanaofungua faili za historia ambazo watu wazima walizifunga

Tarehe 30 mwezi wa saba 1945, dakika chache baada ya saa sita ya usiku, meli ya kivita ya Marekani yenye jina USS Indianapolis ilipigwa na torpido mbili za Wajapani katika bahari ya Pasifiki. Ilizama kwa muda wa dakika 12 hivi. Ndani yake mulikuwa watu 1,195. Karibu 300 walikwenda chini pamoja na meli. Wengine wote walibaki ndani ya maji, wengi bila chombo cha kuwabeba, wakipigwa na jua la mchana na baridi ya usiku, bila maji ya kunywa, huku papa wakiwazunguka. Hakuna mtu aliyewatafuta, kwa sababu hakuna mtu aliyetoa taarifa kwamba meli haikufika. Siku ya nne ndege moja iliwaona kwa bahati tu. Waliobaki hai walikuwa 316.

Miaka 51 baadaye, mtoto wa miaka 11 wa mji wa Pensacola, jimbo la Florida, alikuwa akitazama sinema ya Jaws pamoja na baba yake. Ndani ya sinema hiyo mvuvi mmoja anasimulia namna gani meli ile ilizama. Mtoto, Hunter Scott, akauliza kama habari hiyo ni ya kweli. Baba yake akamwambia aende kutafuta mwenyewe. Wakati huo mwanafunzi huyo wa darasa la sita alikuwa anatafuta somo la kuandaa kwa ajili ya mashindano ya historia. Akawa amelipata.

Kazi yake ya shule ilifika mbele ya Seneti ya Marekani, na ilisaidia kusafisha jina la mtu aliyekuwa amekwisha kufa.

Mashindano yaliyoanza na wanafunzi 129

Mashindano hayo yanaitwa National History Day, maana yake Siku ya Historia ya Kitaifa. Yalianza mwaka wa 1974 katika mji wa Cleveland, jimbo la Ohio. David Van Tassel, profesa wa historia kwenye chuo kikuu cha Case Western Reserve, alikuwa anaona kwamba somo lake linadharauliwa mashuleni, na kwamba wanafunzi wanalijua kama orodha ya tarehe za kukariri. Wanafunzi wa sayansi walikuwa na maonyesho yao, mahali wanapoleta majaribio waliyofanya kwa mikono yao. Van Tassel akajiuliza kwa nini wale wa historia nao wasipate nafasi kama hiyo. Mwaka wa kwanza walikuja wanafunzi 129.

Kufikia mwaka wa 1980 mashindano yalikuwa yamekuwa ya inchi nzima. Leo zaidi ya nusu milioni ya wanafunzi wanaingia kila mwaka, kuanzia darasa la sita hadi mwisho wa sekondari. Wanaanzia shuleni, wanapanda ngazi ya mtaa, kisha ya jimbo, na karibu 3,000 kati yao wanafika fainali, ambayo kwa kawaida inafanyika mwezi wa sita kwenye chuo kikuu cha Maryland, karibu na mji mkuu Washington. Mashindano yalipewa medali ya kitaifa ya elimu ya utu ya mwaka wa 2011, heshima ambayo mara nyingi inapewa waandishi na wasomi wakubwa.

Juma hilo la fainali ni sikukuu. Wanafunzi wa kila jimbo wanavaa nguo zinazofanana, wanabadilishana beji ndogo zenye alama za majimbo yao, na siku ya kutoa zawadi wanaingia ndani ya ukumbi mkubwa kwa maandamano, kila kundi na bendera yake, kama timu za Michezo ya Olimpiki. Wamo pia wanafunzi kutoka visiwa vya Guam na Samoa ya Marekani, na hata kutoka inchi za Asia kama Korea ya Kusini. Watoto ambao shuleni hawakimbii sana wala hawapigi mpira, siku hiyo ndio wanaopigiwa makofi.

Lakini kabla ya makofi kuna kazi ya miezi mingi.

Haitoshi kujibu upesi

Wanafunzi wengi wa Kongo wanajua mashindano ya Génies en herbe: timu mbili, maswali, na anayejibu haraka ndiye anayepata alama. Hayo yanapima kile ambacho mwanafunzi amekwisha kukijua. Mashindano ya National History Day yanapima namna anavyotafuta kile ambacho bado hakijui.

Kila mwaka kunatolewa kichwa kimoja kipana. Mwaka wa 2025, kwa mfano, kilikuwa ni haki na madaraka katika historia. Mwanafunzi, akiwa peke yake au ndani ya kundi la watu wasiozidi watano, anachagua mwenyewe somo linaloingia chini ya kichwa hicho. Anaweza kuchagua vita, mgomo, ugonjwa, mwimbaji, sheria, au daraja la kijiji chake. Halafu anachagua namna ya kuonyesha matokeo: maandishi, ubao wa maonyesho, mchezo wa kuigiza, filamu au tovuti. Filamu na mchezo havipaswi kupita dakika 10.

Pamoja na kazi hiyo anaandika orodha ya vyanzo vyake vyote, akieleza kila kimoja kilimsaidia vipi. Waamuzi wanasoma orodha hiyo kwa makini. Wanataka kuona barua za wakati ule, magazeti ya wakati ule, picha, kesi za mahakama, na mahojiano na watu walioona kwa macho yao. Kitabu kilichoandikwa miaka 50 baadaye kinasaidia, lakini hakiwezi kuchukua nafasi ya ushahidi wa mwanzo. Mwishowe waamuzi wanaketi na mwanafunzi na kumuuliza maswali. Umejuaje hivyo? Nani mwingine anasema tofauti? Kwa nini unamwamini huyu kuliko yule? Mwenye kuandikiwa kazi na mzazi anajulikana hapo.

Kapteni aliyebebeshwa lawama

Hunter Scott alianza na magazeti. Kisha akaweka tangazo akiwatafuta mabaharia waliookoka, naye akampata wa kwanza. Huyo akamuelekeza kwa wengine. Pole pole aliwasiliana na karibu manusura 150 na kupitia karibu hati 800.

Alipowauliza wazee hao juu ya papa, walimjibu. Lakini wengi walitaka kuzungumza juu ya jambo lingine: kapteni wao, Charles McVay.

McVay aliokoka. Mwezi wa kumi na mbili 1945 jeshi la majini lilimpeleka mbele ya mahakama ya kijeshi. Alipatikana na hatia ya kuhatarisha meli yake kwa sababu usiku ule hakuisafirisha kwa kupindapinda, namna meli zinavyofanya ili nyambizi ishindwe kulenga. Ndani ya vita ile Marekani ilipoteza meli za kivita kwa mamia, lakini McVay ndiye kapteni pekee aliyehukumiwa kwa ajili ya meli iliyozamishwa na adui.

Jambo la kushangaza ni kwamba upande wa mashtaka ulimleta kutoka Japani Mochitsura Hashimoto, yule aliyeongoza nyambizi iliyoipiga meli. Hashimoto alisema mbele ya mahakama kwamba kupindapinda kusingebadilisha kitu: angeipiga tu. Hukumu ikatoka vilevile.

Adhabu yenyewe ilifutwa baadaye na McVay akarudishwa kazini, lakini hatia ilibaki ndani ya faili lake. Kwa miaka mingi familia za wafu zilimwandikia barua za kumlaumu. Mwaka wa 1968 alijiua.

Manusura walikuwa wamepigania jina lake kwa miaka mingi bila kusikilizwa. Hati ambazo zilikuwa zimefichwa kwa sababu ya siri za vita zilionyesha kwamba wakubwa wa jeshi walijua kuna nyambizi za adui kwenye njia ile, na McVay hakuelezwa. Aliomba meli ya kumsindikiza, akanyimwa. Meli ilipokosa kufika, hakuna ofisi iliyouliza iko wapi.

Mradi wa Scott haukutwaa medali ya kitaifa. Lakini uliwekwa kwenye maonyesho, magazeti yakaandika, na mbunge wa eneo lake, Joe Scarborough, akaupeleka Washington. Mwezi wa tisa 1999, Scott akiwa na miaka 14, aliketi mbele ya kamati ya Seneti inayoshughulikia jeshi, na nyuma yake wazee waliokuwa ndani ya maji mwaka wa 1945. Hashimoto naye, akiwa mzee huko Japani, aliiandikia kamati hiyo barua ya kumtetea kapteni ambaye yeye mwenyewe alimzamishia meli.

Mwezi wa kumi 2000 Bunge la Marekani lilipitisha azimio la kusema McVay hana lawama, na tarehe 30 mwezi huo rais Bill Clinton akatia sahihi. Hashimoto alikuwa amefariki siku tano mbele. Mwaka uliofuata jeshi la majini liliweka azimio hilo ndani ya faili la kapteni. Scott alipokuwa mkubwa aliingia jeshi hilohilo, akawa rubani.

Majina yaliyofukiwa chini ya mti

Scott si yeye peke yake. Mwaka wa 1999, huko Uniontown, kijiji cha Kansas chenye wakaaji wasiofika 300 kwa wakati ule, mwalimu Norman Conard aliwapa wanafunzi wake wa kike kipande cha gazeti. Kiliandika kwamba mwanamke Mpoland, Irena Sendler, aliokoa watoto 2,500 wa Wayahudi kutoka mtaa wa Warsaw waliofungiwa na Wanazi. Mwalimu aliona tarakimu hiyo kuwa kubwa mno, akafikiri labda gazeti limekosea. Akawaambia wachunguze.

Wanafunzi walitafuta, na kwenye intaneti wakapata ukurasa mmoja tu uliomtaja. Wakaendelea. Walijifunza kwamba Sendler alikuwa mfanyakazi wa huduma za jamii, na kwamba yeye na wenzake waliwatoa watoto ndani ya magunia, ndani ya masanduku, ndani ya gari la wagonjwa. Majina ya kweli ya watoto yaliandikwa juu ya vikaratasi, vikawekwa ndani ya chupa na kufukiwa chini ya mti, ili siku moja kila mtoto aweze kujua yeye ni nani. Mwaka wa 1943 polisi wa Hitler walimkamata na kumtesa. Hakutaja jina hata moja.

Wasichana hao walitunga mchezo wa dakika 10. Walipotafuta kaburi lake ili waweke habari hiyo ndani ya kazi yao, waligundua kwamba hana kaburi: alikuwa angali hai, mama mzee anayeishi Warsaw. Mwaka wa 2001 walikwenda kumkumbatia. Kutoka hapo dunia ikaanza kumjua. Serikali ya Poland ilimpa nishani yake kubwa kuliko zote mwaka wa 2003. Alifariki mwaka wa 2008, akiwa na miaka 98. Mchezo wa wasichana wa Uniontown ulikuwa umeonyeshwa mara mamia.

Habari ya tatu inahusu damu. Tarehe 21 mwezi wa sita 1964, jimboni Mississippi, vijana watatu waliokuwa wanasaidia Weusi kujiandikisha kwa ajili ya uchaguzi waliuawa na kundi la Ku Klux Klan: James Chaney, Andrew Goodman na Michael Schwerner. Kwa miaka 40 hakuna aliyeshtakiwa na jimbo hilo kwa mauaji hayo. Mwaka wa 2004 wanafunzi watatu wa kike wa jimbo la Illinois, pamoja na mwalimu wao Barry Bradford, waliamua kufanya filamu juu ya kesi hiyo kwa ajili ya National History Day. Walikusanya hati na kuzungumza na jamaa za waliouawa. Walizungumza hata kwa simu na Edgar Ray Killen, mhubiri aliyeshukiwa kuwa ndiye aliyepanga mauaji.

Hawakuwa peke yao. Mwandishi wa habari Jerry Mitchell wa gazeti la Mississippi alikuwa ameichimba kesi hiyo kwa miaka, na jamaa za wafu hawakuchoka kudai. Lakini sauti ya wasichana watatu wa shule iliongeza uzito. Kesi ilifunguliwa, na tarehe 21 mwezi wa sita 2005, miaka 41 kamili tangu siku ya mauaji, Killen alipatikana na hatia. Alipewa kifungo cha miaka 60, na alifia gerezani mwaka wa 2018.

Meli ile na jiwe la Katanga

Habari ya USS Indianapolis ina mlango mwingine, nao unafunguka Kongo.

Siku nne kabla ya kupigwa, meli hiyo ilikuwa imeshusha mzigo wa siri kwenye kisiwa cha Tinian. Mabaharia hawakujua wanabeba nini. Ndani mulikuwa sehemu za bomu la atomiki, ikiwemo uranium, lile bomu lililotupwa juu ya mji wa Hiroshima tarehe 6 mwezi wa nane 1945. Na sehemu kubwa ya uranium iliyotumiwa na Marekani katika mpango wa kutengeneza mabomu hayo ilichimbwa Shinkolobwe, karibu na mji wa Likasi, ambao wakati wa ukoloni uliitwa Jadotville.

Madini ya Shinkolobwe yaligunduliwa mwaka wa 1915. Yalikuwa na nguvu kuliko mengine yaliyojulikana duniani: mawe mengine yalikuwa na zaidi ya nusu ya uzito wake uranium. Mwaka wa 1940, Edgar Sengier, mkubwa wa kampuni ya Union Minière, alisafirisha tani karibu 1,200 za mawe hayo na kuyaweka ndani ya depo huko New York. Mwaka wa 1942 jeshi la Marekani lilipotafuta uranium, lilikuta iko tayari. Baadaye Shinkolobwe ilifunguliwa upya ili itoe zaidi, na jina lake likaondolewa kwenye ramani kwa sababu ya siri.

Jina la Sengier linapatikana ndani ya vitabu vingi, na serikali ya Marekani ilimpa medali. Majina ya wafanyakazi waliochimba na kupakia mawe hayo, bila kuelezwa yana hatari gani, ni watu wachache wanaoyajua. Walikuwa baba na babu za watu wanaoishi leo Likasi, Kambove na Lubumbashi. Mgodi umefungwa rasmi tangu mwaka wa 2004.

Kwa hiyo mabaharia wa Indianapolis walibeba mzigo wasioujua, na wachimbaji wa Katanga walichimba jiwe wasilolijua. Wale wa kwanza walipata mtoto wa darasa la sita aliyekwenda kuwauliza. Wale wa pili wangali wanangojea.

Maswali yaliyo karibu na shule

Wanaopenda somo la historia Kongo hawakosi mahali pa kuanzia. Mwanafunzi wa Bukavu anapita kila siku mbele ya Camp Saio. Anaweza kuuliza jina hilo limetoka wapi. Jibu litampeleka hadi Ethiopia, ambako tarehe 3 mwezi wa saba 1941 askari wa Force Publique, Wakongo waliotembea na kusafirishwa maelfu ya kilometa kutoka kwao, walishiriki kuwashinda Waitalia wa Mussolini mjini Saio. Maafisa wa juu walikuwa Wabelgiji. Askari walikuwa nani, walitoka vijiji gani, walirudi wangapi, walilipwa nini?

Mwanafunzi wa Lubumbashi anaweza kuuliza juu ya mwezi wa kumi na mbili 1941. Miezi mitano tu baada ya Saio, wafanyakazi wa Union Minière waligoma wakidai mshahara wa kutosha, kwa kuwa vita ilikuwa imepandisha bei ya kila kitu. Walikusanyika uwanjani, askari wakawafyatulia risasi, na makumi ya watu walikufa, pamoja na msemaji wao Léonard Mpoyi. Mwaka uleule, inchi ileile: Wakongo wanashinda vita kwa ajili ya uhuru wa wengine, na Wakongo wanapigwa risasi kwa kuomba mshahara. Hilo peke yake ni somo la mwaka mzima.

Mlango umekwisha kufunguliwa na wengine. Tangu mwaka wa 2000, mradi wa Mémoires de Lubumbashi, ambao ndani yake alishiriki profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa chuo kikuu cha Lubumbashi, umekusanya masimulizi ya watu wa kawaida: wafanyakazi, wanawake wa kambi, wachoraji na waimbaji. Ulionyesha kwamba redio ya zamani, picha ya arusi au kitabu cha kazi cha babu vinaweza kuwa hati ya historia sawa na barua ya gavana.

Vitu vya kufanyia kazi ya namna hiyo si vya bei kali. Hunter Scott alianza na tangazo la gazeti na simu ya nyumbani. Leo simu ndogo ya mkononi inarekodi sauti ya mzee kwa saa nzima. Kinachohitajika zaidi ni mwalimu anayekubali kusema "mimi pia sijui, twende tutafute", na shule inayoweka siku moja ndani ya mwaka ili wazazi na wazee waje kuona kile ambacho watoto wamepata. Kuna ugumu pia, na haupaswi kufichwa. Darasa la wanafunzi 60 au 80 haliongozwi kama la 20. Mtihani wa serikali unadai kukariri, na mzazi anayelipa kwa shida anataka kuona diploma. Kuna sehemu za inchi ambako kuuliza juu ya mauaji ya jana kunaweza kumtia mtoto hatarini. Hapo mwalimu mwenye busara ataanza na mambo ya zamani zaidi, ambayo wenye silaha wa leo hawana sababu ya kuyaogopa.

Jambo moja halingoji: umri. Scott aliwakuta manusura wa 1945 wakiwa na miaka 70 na zaidi, na wengi wao waliishi kuona jina la kapteni wao likisafishwa. Angechelewa miaka 20, angekuta wachache tu wa kumjibu. Huko Katanga, mtu aliyekuwa na miaka 20 wakati mawe ya Shinkolobwe yanapakiwa leo angekuwa amepita miaka 100. Waliobaki ni watoto wao, wazee wa leo, waliosikia habari hizo jioni baba alipotoka kazini.

Mwaka wa 2017 wachunguzi walipata mabaki ya USS Indianapolis chini ya bahari, kwenye kina cha mita 5,500. Namba ya meli, 35, ilikuwa ingali inasomeka. Kuifikia kulihitaji meli ya kisasa na mashine za kushuka kilindini. Kuwafikia wazee wa Likasi kunahitaji mwanafunzi mmoja, daftari moja, na swali lililoandaliwa vizuri.